Ngazi ya Samaki na Mafunzo Yake kwa Mto Nzoia

Mtu akitoka Burnt Forest kwenda Eldoret atauona mto Sosiani ukipita mjini. Maji hayo hayaishii hapo. Sosiani huingia katika mto Kipkaren, na Kipkaren huingia katika Nzoia, nao Nzoia hushuka mpaka Ziwa Viktoria. Basi mkulima wa uwanda wa Uasin Gishu na mvuvi wa ziwani hutegemea maji yale yale, ijapokuwa hawajapata kuonana. Juma hili twapenda kueleza habari za samaki wasafirio, na jinsi watu wa nchi nyingine walivyowafanyia njia.

Salmoni ni samaki wa nchi za baridi. Huzaliwa mtoni, katika maji yaendayo kasi juu ya changarawe. Akisha kukua kidogo hushuka baharini, akanenepa huko kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hurudi katika mto ule ule aliozaliwa ili atage mayai. Wataalamu wamegundua kwamba huutambua mto wake kwa harufu ya maji. Kwa hiyo ukuta wa bwawa ukiukata mto, samaki hawezi kufika mahali pa kutagia, na kizazi chake hukatika.

Jambo hili lilifikiriwa huko Pitlochry, katika Scotland, mto Tummel ulipojengewa bwawa la umeme lililomalizika mwaka 1951. Kando ya ukuta pakajengwa ngazi ya samaki, ambayo urefu wake ni mita 310. Msomaji asidhani kuwa ni ngazi kama ile ya kupandia darini. Ni safu ya vyumba 34 vilivyojaa maji, kila kimoja kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia, navyo vimeunganishwa kwa matundu yaliyo chini ya maji. Maji hushuka kutoka chumba hata chumba. Samaki, ambaye kwa desturi yake hukabili mkondo, huyafuata akipanda kidogo kidogo. Vyumba vitatu vimefanywa vikubwa zaidi ili apate kupumzika. Hivyo kimo ambacho hangeweza kukiruka kwa mara moja hukipanda hatua kwa hatua.

Je, sisi tunao samaki wa namna hiyo? Salmoni hatunaye, lakini tunaye ningu. Huyu hukaa ziwani, na mvua kubwa zinyeshapo hupanda Nzoia na mito mingine, akataga katika vijito na majani yaliyofunikwa na mafuriko. Maji yapunguapo, watoto wake hushuka ziwani.

Zamani wavuvi wa mtoni walimtega kwa nyua za miti na migono, na samaki wakatosha. Kisha nyavu za kutega, zilizoanza kutumiwa ziwani mwaka 1905, zikazidi kuwa nyingi, zikatandazwa hata mbele ya midomo ya mito. Zikawanasa majike wenye mayai kabla hawajataga. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr alichapisha habari za kupungua kwa ningu katika Nzoia, na jinsi mitego ya asili nayo ilivyokuwa ikififia, kwa maana mtego usiopata samaki hauna haja ya kutengenezwa. Ndipo tuonapo kwamba mto waweza kufungwa pasipo kujengwa ukuta wowote.

Basi mafunzo ni haya. Kwanza, bwawa likikusudiwa, njia ya samaki na ifikiriwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa, tena ipimwe kwa nguvu za samaki wa mto huo, kwa kuwa ngazi imfaayo salmoni huenda isimfae ningu. Pili, mvuvi asitandaze wavu mdomoni mwa mto wakati samaki wapandapo. Tatu, mkulima wa juu asilime mpaka ukingoni mwa kijito, kwani udongo uchukuliwao na mvua huharibu mahali pa kutagia.

Mkulima wa Burnt Forest aweza kusema kwamba samaki si kazi yake. Lakini akumbuke kwamba udongo upotezao samaki huko chini ni ule ule ulioondoka katika shamba lake. Aliyeuhifadhi ukingo wa kijito amehifadhi mahindi yake, na kitoweo cha mwenziwe pia.