Dada, mashine inakata kila nikiwasha

Mdogo wangu wa mashine ya kusaga, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ovalodi inakata kila jioni ukiwasha, na fundi kakwambia uongeze ampea kidogo. Hebu weka bisibisi chini kwanza.

Hata mimi niliwahi kuongeza. Mota ilikuwa ya ampea 15, nikazungusha hadi 22, mwenye mashine akanisifu. Wiki chache baadaye fezi moja ilikatika wakati anasaga. Mota iliyokuwa ikivuta ampea 12 ikawa inavuta karibu 21 kwenye fezi mbili zilizobaki, na ovalodi yangu ikatulia tuli, maana 21 haijafika 22. Harufu ya vanishi inayoungua ilisikika hadi barabarani. Gharama ya kuwaindi nililipa mimi.

Ampea hufuata kibati cha mota, basi. Kama mashine yako inawashwa kwa sta-delta na rilei ya ovalodi imefungwa kwenye njia ya koili za mota, zidisha kwa 0.58: mota ya 28 unaiweka 16. Hapo wengi wanakosea.

Shida yako wewe ni ya muda, na muda ni kazi ya klasi ya rilei. Mota ikianza huvuta mara sita au saba ya ampea zake. Zikifika mara 7.2, rilei ya klasi 10 ikiwa ya baridi hukata kati ya sekunde 4 na 10, ya klasi 20 kati ya 6 na 20, ya klasi 30 kati ya 9 na 30. Pampu ya kisimani hushika kasi mara moja, klasi 10 inaitosha. Kinu chenye nyundo nzito hujivuta.

Na kwa nini jioni? Jioni kijiji kizima kimewasha taa na pasi, umeme unashuka. Kutoka volti 400 hadi 340, nguvu ya kuanzia inapungua kwa zaidi ya robo, kwa hiyo kinu kinachelewa kushika kasi. Pima muda wa kushika kasi kwa saa ya simu, mahindi yakiwa hayajamwagwa. (Usiniambie huwa unawasha kikiwa kimejaa!) Zikifika sekunde 12, tafuta klasi 20, ila muulize muuza mota kwanza inavumilia sekunde ngapi ikiwa imekwama. Klasi ipite muda wa kuwasha, isipite uvumilivu wa mota. Rilei nyingi za kawaida klasi yake haibadiliki, unanunua nyingine. Za kielektroniki unachagua kwa swichi ndogo.

Halafu angalia kile kitufe cha riseti. Kikiwa kwenye A, kirudishe kwenye H leo hii, hasa kama unawasha kwa swichi ya kugeuza. Kwenye A, rilei ikipoa inarudi yenyewe na mota inaanza, na wewe pengine umeshaingiza mkono kutoa pumba.