Kiti cha Mtoto Garini: Kigeuzwe Lini?

Mkulima wa Lulindi auzapo korosho na kununua gari lililotumika Japani, kiti cha usalama cha mtoto huwa cha mwisho kufikiriwa. Mtoto hupakatwa hadi Masasi au Newala. Lakini gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono iwezayo kumzuia mtoto wa kilo 10.

Kiti chenye kugeuzwa hutumika kwa namna mbili: kwanza mtoto hutazama nyuma ya gari, baadaye mbele. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wake, na shingo haijakomaa. Akitazama nyuma, kishindo hupokewa na mgongo wa kiti, si na shingo. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu atazame mbele kabla ya kutimiza miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini tu. Wazazi wengi humgeuza mapema kwa kuona miguu imekunjana. Miguu iachwe ikunjane. Kinachoamua ni ukomo wa uzito na urefu ulioandikwa kwenye kiti. Uzito umo katika kadi ya kliniki, urefu nao upimwe.

Kabla ya kulipa, kiti kijaribiwe ndani ya gari lenyewe. Kikishafungwa, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 pale mkanda unapopita. Kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Cha mtumba kisichojulikana kilikotoka kiachwe, kwani ufa wa ajali hauonekani daima kwa macho.