Kupima Risasi katika Damu ya Wafanyakazi wa Viwandani

Betri kuukuu za magari na za umeme wa jua zinapovunjwa na kuyeyushwa ili kupata risasi, hewa ya kiwandani huchafuka kwa vumbi na moshi wa madini hayo. Ili kuijua hatari hiyo, mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, ambayo huvuta hewa ya karibu na pua yake kupitia kichujio. Risasi iliyonaswa hupimwa maabarani. Lakini kipimo hicho hueleza kilichomo hewani tu. Hakielezi kilichokwisha kuingia mwilini.

Wafanyakazi wawili walio mbele ya tanuri moja hawapati risasi kwa kiasi kilekile. Abebaye mizigo mizito huvuta hewa nyingi zaidi; alaye bila kunawa mikono huimeza pamoja na chakula; barakoa isiyobana uso hupitisha vumbi. Kwa sababu hiyo hapana budi mwili wenyewe upimwe.

Kila kemikali ina mahali pake pa kutafutwa. Mvuke wa stirini, itumiwayo katika viwanda vya plastiki, hubadilishwa mwilini kuwa asidi ya mandeliki na kutoka kwa mkojo. Kwa kuwa hutoka upesi, mkojo huchukuliwa mwishoni mwa zamu. Risasi hukaa zaidi katika damu, hivyo saa ya kupima si jambo kubwa. Lililo kubwa ni kuosha ngozi vizuri kabla ya kuchoma sindano, maana vumbi la mkononi laweza kupotosha jibu.

Ndani ya mwili, risasi huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza hemu, yaani ile sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni. Pia hudhuru neva na figo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu akionekana na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe kukiondoa.

Zoezi kwa wanafunzi: damu ya mtu ina mikrogramu 40 kwa desilita. Ikiwa ameondolewa kazini, na kiasi hicho hupungua kwa nusu kila siku 35, chora grafu ya siku 140. Jibu la mwisho ni 2.5. Hata hivyo, kwa aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, damu haishuki upesi hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo katika mwili wa mtu mzima huwa mifupani, nayo hurudi katika damu kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Yafaa ikumbukwe kwamba kipimo cha damu si kinga, kwani huonyesha risasi iliyokwisha kuingia. Kazi yake ni kuonyesha kwamba feni, bomba la moshi au mahali pa kunawia pana kasoro. Mfanyakazi akiachishwa kazi kwa sababu ya damu yake, na tanuri likaachwa kama lilivyo, mwenzake atakayeshika nafasi hiyo atapatwa na yaleyale.