Umbo na Maana katika Asili ya Neno: Mfano wa Neno la Kiingereza "Clue"

Katika etimolojia, historia ya umbo la neno na historia ya maana yake ni mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Mara nyingi hayatenganishwi. Neno la Kiingereza "clue", ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa "kidokezo", huorodheshwa pamoja na "panic" miongoni mwa maneno yaliyotokana na visasili vya Kigiriki. Uainishaji huo ni wa kweli kwa upande mmoja tu.

Kwa umbo, "clue" si neno la Kigiriki hata kidogo. Ni neno la Kijerumaniki. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "cliwen", yaani donge la uzi, na Kiholanzi kingali kina "kluwen" kwa maana iyo hiyo. "Panic", kinyume chake, limebeba jina lenyewe la mungu Pan, likapitia Kifaransa.

Maana ndiyo iliyotoka Krete. Kisasili chasimulia kwamba Athens ilitozwa wavulana saba na wasichana saba ili waliwe na Minotaur, zimwi lenye kichwa cha fahali, lililofungiwa ndani ya mzingile uliojengwa na Daedalus. Theseus alipojitolea kuingia humo, Ariadne, binti Mfalme Minos, alimpa donge la uzi. Alifunga ncha yake mlangoni, akaukunjua uzi kila alikokwenda, na baada ya kuliua zimwi akaufuata hadi nje. Waingereza walipokisimulia kisa hiki hawakukopa neno la Kigiriki, walitumia lao. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "clewe" katika kisa cha Ariadne. Kwa njia hiyo neno la wasokota nyuzi likapata maana ya kisitiari: chochote kimwongozacho aliyepotea. Kufikia karne ya 17 uzi haukuhitaji tena kutajwa.

Tahajia nayo ilizidisha mtengano. "Clue" lilishika maana ya kidokezo, na "clew" likabakia kwa mabaharia, ambao kwao ni pembe ya chini ya tanga.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa mtunga kamusi. Kifupisho kimoja cha lugha-chanzi, kikiwekwa kando ya kidahizo, hueleza safari ya umbo tu. Sitiari ya kigeni iliyovikwa neno la wenyeji haipati alama yoyote. "Clue" lingehitaji vifupisho viwili, kimoja cha umbo na kingine cha maana.