Mtoto Mwenye Akili Nzito

Mama, mbona umekuja na mdogo tu? Yule asiyesema bado umemficha nyumbani? Huo si ulozi. Pengine alikawia kulia alipozaliwa, ao malaria ilimpanda kichwani. Mlete naye apimwe.

Tarehe 3 Mei 2022 Kongo yetu ilipata sheria ya kulinda watu wenye ulemavu, na wenye ulemavu wa akili wamo. Lakini sheria ikikaa Kinshasa, huku Masisi na Walikale nani ataijua? Nendeni wamama watatu, wanne pamoja, kwa chefu na kwa direkteri wa masomo, mkaulize: mtoto huyu atasomea wapi? Mama mmoja peke yake huambiwa arudi kesho.

Chukueni na karatasi ya kuzaliwa kwake. Ikipotea wakati wa kukimbia vita, niambieni, tutatafuta katika kitabu cha maternite.