Blanketi la viraka: anzia pembeni, malizia katikati

Juni ya hapa Golf, mtaa wa Lubumbashi, haina mchezo. Mji wetu uko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na wageni wanaodhani Kongo yote ni joto hushangaa wakiona watoto wamevalishwa sweta mbili asubuhi. Kwa hiyo niliamua kumshonea mtoto wa dada yangu blanketi dogo la viraka. Limekamilika wiki hii, limenyooka, na furaha yangu haifichiki.

Tuanze na vitambaa. Mafundi cherehani wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, wana magunia ya mabaki ya vitenge. Wasalimie vizuri, wazoee, watakuwekea yaliyo mazuri. Kufua na kupiga pasi mnajua. Kilichonisumbua ni kitambaa cha chini. Sokoni nilimpata muuzaji mmoja ambaye mpaka leo nina donge naye. "Mama, hii ni pamba mutupu," akaniapia. Nikachomoa uzi mmoja ukingoni, nikawasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wake ulijikunja ukawa kidonge cheusi, kigumu. Nikamwonyesha. Eti kiberiti changu ndicho kibovu! Nikamwachia kitambaa chake.

Nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa kitenge changu cha zamani cha Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846. Kwa harusi napenda kitenge kipya kinachokakamaa. Kwa blanketi sikitaki: sindano inagoma na vidole vinaumia. Kilichofuliwa miaka mingi ndicho kinachofaa, na mtu asikudanganye ununue kipya.

Sasa hatua zenyewe. Kwa kawaida wanaoanza hufundishwa kukata miraba na kuiunganisha kwa cherehani mpaka pembe zote zikutane. Cherehani yangu ni ya umeme, na jioni niliyotaka kuanza umeme ulikuwa umekwenda zake. Lakini kwenye simu nilikuwa na video ya wanawake Wasiddi wa Karnataka, India. Hao ni wazao wa Waafrika, na wengi mababu zao waliingizwa Goa na Wareno kama watumwa. Blanketi zao huitwa kawandi: nguo zilizochakaa, sindano na uzi, basi. Tena hawaanzi katikati. Wanaanza kwenye kona, wanazunguka ukingo wote, kisha wanaelekea ndani.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Tandaza kitambaa cha chini, kunja kingo zake kwa ndani. Mimi, kwa sababu ya baridi yetu, niliweka juu yake kipande cha blanketi kuukuu, kikiwa kifupi kwa vidole viwili kila upande ili ukingo usivimbe. Weka kiraka cha kwanza konani, pande zake za nje zikiwa zimekunjwa, ukingo juu ya ukingo. Piga bandi. Kabla hujafika mwisho wa kiraka, chomeka kinachofuata chini yake, endelea. Usikate kiraka kwa kipimo: kidole gumba cha mkono wa kushoto kinakunja ukingo mbichi hatua chache mbele ya sindano, na mkunjo ndio unaokupa umbo. Ukishazunguka pande zote nne, anza mstari wa pili, upana wa kidole kutoka wa kwanza. Ukiona kitambaa kinazidi, usikivute. Kilaze kuelekea ndani, ukikunje chini ya kiraka kinachokuja. Ukingo wako umeshakamilika tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo hakuna kitakachopinda. Huna haja ya kulinganisha pembe hata moja, na kwangu hilo linatosha kuiacha miraba.

Konani, Wasiddi huchomeka vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula. Kwao blanketi bila phula halijakamilika, nami siwezi tena kulitazama lisilo nazo.

Dada yangu ni mtu wa kugeuza nguo kabla ya kuisifu. Aligeuza, akakuta mistari ya bandi imekaa mraba ndani ya mraba mpaka katikati. Hakusifu, aliagiza la pili, kubwa zaidi, na mabaki ya vitenge ataleta mwenyewe.