Kipandauso: Dawa Iafikiane na Ugonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwanafunzi akiamka huku Kisoko na kichwa kinachogonga upande mmoja, jirani wa kwanza atamwambia, "Hiyo malaria." Wa pili atampa Panadol mbili. Wa tatu atamletea mafuta ya habbat sawdaa. Wote wanamtakia heri, lakini hakuna aliyemuuliza kichwa chenyewe kinauma namna gani.

Katika Sahih Muslim imepokewa kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiafikiana na ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah. Tulizingatie sharti hilo la kuafikiana, kwani ndilo somo letu leo.

Kwanza, tuujue ugonjwa

Waarabu huita kipandauso *shaqiqa*, neno linalotokana na maana ya nusu. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alifanyiwa hijama kichwani akiwa katika ihram, kwa sababu ya shaqiqa. Basi asiambiwe mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu.

Kipandauso kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Mara nyingi hugonga upande mmoja, huzidi mtu akitembea au kupanda ngazi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Wengine huona vimulimuli kabla hakijaanza. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na aghalabu hurithiwa.

Lakini tuko Tororo, wilaya iliyojulikana kwa malaria nyingi mno kabla ya upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014, na malaria haijaondoka. Kichwa chenye homa kipimwe kwanza. Usimeze dawa ya malaria bila kipimo kila kichwa kinapouma, wala usiite kila maumivu kipandauso. Na kichwa kilichokuja ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au chenye shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa au kulegea upande mmoja wa mwili, ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Virutubisho vilivyopimwa

Vitu vitatu vimejaribiwa kwa kulinganishwa na vidonge visivyo na dawa.

*Vitamini B2 (riboflavini).* Mwaka 1998 watafiti walichapisha jaribio la wagonjwa 55 waliofuatiliwa kwa miezi mitatu. Kati ya waliomeza miligramu 400 kwa siku, asilimia 59 walipata nafuu ya nusu au zaidi. Kwa waliomeza vidonge vitupu ilikuwa asilimia 15. Mkojo huwa wa manjano sana, usiogope.

*Magnesiamu.* Jaribio la Ujerumani la 1996 lilitumia miligramu 600 kwa siku kwa wiki 12, na mashambulizi yakapungua kwa takriban asilimia 42, dhidi ya 16 kwa vidonge vitupu. Huweza kuleta kuhara. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila daktari, na anayetumia doxycycline au ciprofloxacin aitenganishe na dawa hiyo kwa saa kadhaa.

*Koenzaimu Q10.* Miligramu 300 kwa siku zilisaidia katika jaribio dogo la 2005. Ushahidi wake ni mwembamba zaidi, na bei yake ni kubwa.

Hivi ni vya kuzuia, si vya kutuliza kichwa kilichokwisha kuanza. Vinahitaji miezi miwili hadi mitatu.

Je, chakula hakitoshi?

Kwa magnesiamu, chakula chetu ni tajiri: ugali na uji wa wimbi, simsim, karanga, maharage, dodo, parachichi. Gramu 28 tu za mbegu za maboga zina karibu miligramu 150. Kwa riboflavini hesabu ni nyingine. Glasi ya maziwa ina kama miligramu 0.4, kwa hiyo ili upate 400 ungehitaji glasi elfu moja kwa siku. Chakula huziba upungufu. Kipimo kile cha majaribio ni cha dawa. Basi kizungumzwe na mhudumu wa afya, hasa kwa dada mjamzito.

Cha asili si lazima kiwe salama

Mmea wa Ulaya uitwao butterbur ulipewa daraja la juu kabisa na mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani mwaka 2012. Mwaka 2015 mwongozo huo uliondolewa kwa hofu ya madhara ya ini. Hijama nayo ni sunna, lakini wembe uliotumika kwa mwingine huweza kuleta homa ya ini B au virusi vya ukimwi. Vidonge vya gamba laini navyo mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini. Soma kibandiko ujue imetoka kwa mnyama gani, au chagua tembe ngumu. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, si kwa mchuuzi wa mpakani Busia.

Hata Panadol ina mpaka. Ukiimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huweza kuzalisha maumivu. Kwa dawa za mchanganyiko zenye kafeini, mpaka ni siku 10.

Ramadhani

Utafiti wa 2010 uliwafuatilia Waislamu 32 wenye kipandauso: siku za maumivu zilikuwa wastani wa 9.4 katika Ramadhani, na 3.7 katika mwezi wa kawaida. Punguza chai na kahawa kidogo kidogo wiki mbili kabla. Usiache daku, kunywa maji, kula uji wa wimbi na tende. Lala mapema baada ya tarawehe. Anayezidiwa, ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani. Aulize daktari na sheikh, asijitese.

Kazi ya miezi mitatu

Chukua daftari. Andika tarehe, saa, usingizi, mlo uliorukwa, maji, hedhi kwa akina dada, na dawa uliyomeza. Jaribu kitu kimoja kwa wakati, kisha linganisha. Kichwa kikirudi siku nne au zaidi kwa mwezi, mwone daktari. Zipo dawa za kinga za bei nafuu kama propranolol, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kumeza dawa hiyo hakuvunji tawakkul. Ngamia hufungwa kwanza.

Maswali ya halaqa

1. Kwa nini mgonjwa wa Tororo apime malaria kabla ya kusema ana kipandauso?
2. Ni kipi kati ya magnesiamu na riboflavini unaweza kukiongeza kwa chakula cha bweni, na kwa vipi?
3. Mwenzako anauza mafuta ya "kutibu kila kichwa". Utamuuliza nini?

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'alam.